Makala Yako Imefutwa Wikipedia? Tuanzie Hapo

Malalamiko huwa yaleyale, awe mlalamishi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi au fundi wa simu pale Luthuli Avenue. Ameketi jioni, ametumia bando lake mwenyewe, ameandika makala kuhusu kwaya ya kanisa lao au kuhusu babu yake aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Ameipandisha Wikipedia ya Kiswahili, ametuma kiungo kwenye kundi la familia, na pongezi zimemiminika. Kufikia asubuhi makala haipo. Palipokuwa na kazi yake pana ujumbe mkavu, umetiwa sahihi na mtu asiyemjua mwenye jina la ajabuajabu. Jambo la kwanza linalomjia kichwani ni kwamba amechukiwa. La pili ni kwamba kuna watu wameigeuza Wikipedia mali ya baba yao.

Kwa kawaida si hili wala lile, na kazi ya anayemlea mhariri mpya inaanzia hapohapo. Ukimwambia tu "soma kanuni", atafungua ukurasa wa kanuni, akute kila neno la pili linampeleka kwenye ukurasa mwingine wa kanuni, na hutamwona tena. Kanuni za Wikipedia ni nyingi kupita kiasi, hilo halina ubishi. Lakini karibu zote zimechipuka kwenye shina moja, na mtu akilishika shina hilo, nyingi anaweza kuzikisia kabla hajazisoma.

Shina lenyewe ni kwamba Wikipedia haikujui.

Ilianzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Tangu hapo yeyote mwenye intaneti anaweza kubonyeza "Hariri" na kuandika. Hakuna mhariri mkuu. Wakfu wa Wikimedia, wenye makao San Francisco, unaendesha mitambo na kukusanya michango ya fedha, makala hauandiki. Wanaoandika na wanaofuta ni watu wa kujitolea, wengi wao wakifanya hivyo usiku baada ya kazi. Wale wanaoitwa wakabidhi ni wachangiaji waliopendekezwa na wenzao wakapewa vitufe vya kufuta kurasa na kuzuia waharibifu. Hawalipwi, na wakibishana nawe kuhusu mwaka ambao jambo lilitokea, neno lao halina uzito kuliko lako.

Gazeti likichapisha uongo, kuna mwandishi anayejulikana na kuna kampuni ya kushtakiwa. Kitabu cha kiada kina jina la profesa kwenye jalada. Wikipedia haina kinga hizo. Mhadhiri wa historia na mtoto wa darasa la saba wanaingia kwa mlango mmoja, wote wawili wakitumia majina ya kubuni, na hakuna anayekagua shahada mlangoni. Ule uaminifu ambao kwingine hukaa kwa mtu, hapa umehamishiwa kwenye chanzo. Kwa hiyo swali utakaloulizwa daima ni: umeyatoa wapi?

Yapo mambo yaliyoufikisha mradi hapo. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejulikana aliandika kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwamba John Seigenthaler, mwanahabari mzee wa Marekani, aliwahi kushukiwa kuhusika na mauaji ya John Kennedy na ya Robert Kennedy. Ulikuwa uzushi mtupu. Seigenthaler alikuwa msaidizi wa Robert Kennedy. Maneno hayo yalikaa pale miezi takribani minne. Baadaye ilibainika aliyeyaandika alitaka kumfanyia mwenzake wa kazini mzaha. Seigenthaler alilalamika hadharani gazetini, na Desemba ya mwaka huo Wikipedia ya Kiingereza ikawazuia wasiojisajili kuanzisha makala mpya. Masharti makali unayokutana nayo leo unapoandika kuhusu mtu aliye hai yalipata nguvu baada ya kisa hicho. Mhariri wa Nairobi anayeandika kuhusu mwanasiasa wa kaunti anabanwa na mzaha uliofanywa Marekani miaka ishirini iliyopita, na nadhani ni haki abanwe.

Sasa tutazame chanzo kwa karibu, maana hapa ndipo wengi wanapokwama.

Chukua sentensi moja: "Nairobi ina watu karibu milioni kumi." Utaisikia kwenye matatu, utaisikia redioni. Mhariri mpya akiiweka kwenye makala ya Nairobi, itaondolewa. Akiandika kwamba sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, na mwisho wa sentensi akaweka tanbihi inayotaja ripoti ya Shirika la Taifa la Takwimu, jina la juzuu na ukurasa, sentensi hiyo itakaa. Angalia tofauti iliyopo. Namba imefungwa kwa mwaka, kwa mpaka wa eneo, na kwa aliyehesabu. Msomaji wa Mombasa asiyekujua wala kukuamini anaweza kwenda kuthibitisha mwenyewe. Wewe umetoka kabisa kwenye sentensi.

Si kila kilichoandikwa ni chanzo. Ukurasa wa Facebook wa kwaya ni maneno ya kwaya kuhusu kwaya. Tovuti ya kampuni inaweza kuthibitisha kampuni ilifunguliwa mwaka gani, haiwezi kuthibitisha kwamba ndiyo bora Afrika Mashariki. Wikipedia ya Kiingereza si chanzo cha Wikipedia ya Kiswahili, jambo linalowashangaza wengi; ukiona taarifa nzuri kule, shuka chini kwenye tanbihi zake, fungua chanzo chenyewe, kisome, ndipo ukitaje. Kinachotafutwa ni kazi iliyochapishwa na mtu asiye na maslahi katika jambo, mahali penye mhariri wa kukagua: gazeti, kitabu, jarida la chuo, ripoti ya tume.

Kwa Nairobi, vyanzo vya namna hiyo ni vingi kuliko watu wanavyodhani, ila havimo kwenye ukurasa wa kwanza wa Google. Maktaba ya McMillan pale Banda Street ipo tangu 1931, na ina matawi Eastlands, huko Kaloleni na Makadara. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, mahali ambapo nusu ya jiji hukutana bila kuwahi kuingia ndani. Gazeti rasmi la serikali lina matoleo ya zaidi ya karne moja, yenye majina ya walioteuliwa, ardhi iliyotwaliwa na mirathi. Tasnifu nyingi za Chuo Kikuu cha Nairobi zinasomeka bure mtandaoni, na kuna tasnifu za mitaa na masoko ambayo hakuna kitabu kilichoyagusa. Ukiwa na kundi la wahariri wapya, alasiri moja McMillan na rundo la magazeti ya zamani inafundisha kuliko slaidi hamsini.

Tahadhari moja kuhusu Nyaraka za Taifa. Ukipata barua ya mkuu wa wilaya ya mwaka 1938, unaweza kusema barua inasema nini. Kusema kwamba barua hiyo inaonyesha serikali ya kikoloni ilikuwa na njama fulani ni kazi ya mwanahistoria, na mpaka mwanahistoria aichapishe, haina nafasi Wikipedia. Wikipedia haitaki ugunduzi wako. Watu wenye akili nyingi huumia zaidi na kanuni hii kuliko wavivu.

Na babu wa Burma je? Hapa ndipo penye uchungu. Historia yetu kubwa iko midomoni. Mzee anakumbuka jina la kamanda, anakumbuka meli waliyopanda Kilindini, na hakuna kitabu kinachomtaja. Mjukuu akiandika "nimeambiwa na babu", itafutwa, na mjukuu atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini ripoti ya ofisa wa kikoloni ikubaliwe na ushahidi wa aliyekuwepo ukataliwe. Mwaka 2011 mradi mmoja uliofanyika India na Afrika Kusini ulijaribu kurekodi mahojiano na kuyatumia kama vyanzo kwenye Wikipedia. Ulizua mjadala mkali, na haukugeuka kuwa kanuni.

Maoni yangu ni kwamba kanuni hii inatugharimu sisi kuliko inavyomgharimu mtu wa London, ambaye parokia yake imeandikwa vitabu tangu enzi za wafalme. Hata hivyo tukiiondoa, atakayefaidi kwanza hatakuwa mjukuu wa askari wa Burma. Atakuwa mpambe wa mheshimiwa, naye pia atakuja na "nimeambiwa na wazee". Kwa mjukuu njia ipo, ingawa ni ndefu: mrekodi mzee sasa hivi kabla hujafikiria Wikipedia kabisa, mtafute mtafiti au mwandishi wa gazeti anayeandika kuhusu vita hivyo, na simulizi ikishachapishwa kwa mkono wa mwingine, rudi nayo. Wakati huohuo, makala kuhusu kikosi chake cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni, inaweza kuandikwa, maana vitabu vyake vipo.

Swali la pili kubwa ni nani anastahili makala. Wengi husikia kanuni ya umaarufu wakaelewa kwamba lazima mtu awe na wafuasi milioni. Sivyo. Kinachoulizwa ni kama watu wasiohusiana naye wamewahi kukaa chini wakaandika kumhusu kwa kina. Msanii wa Kayole mwenye nyimbo zinazopigwa kila matatu anaweza kukosa, na mtaalamu wa wadudu asiyejulikana na jirani yake akapata. Kanuni hii hukosea pia. Mwezi Mei 2018 rasimu ya makala kuhusu Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada, ilikataliwa kwenye Wikipedia ya Kiingereza kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Oktoba mwaka uleule alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, mwanamke wa tatu katika historia kuipata, na makala yake ikaandikwa siku ileile. Mkosoaji angesema Wikipedia ilikuwa kipofu. Kipofu zaidi walikuwa waandishi wa habari ambao kabla ya hapo hawakuwa wameandika juu yake. Wikipedia huja nyuma yao, na hurithi kasoro zao. Mhariri mpya anayetaka wanasayansi wanawake wa Kenya waonekane aelewe hilo mapema, asije akatumia nguvu zake zote kugombana na wakabidhi wakati tatizo liko juu ya mto.

Lugha ya sifa haina mambo mengi. Linganisha: "Wangari Maathai alikuwa shujaa asiye na kifani aliyeipenda nchi yake kwa moyo wote." Kisha: "Mwaka 1977 Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement. Mwaka 1989 alipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park, na jengo hilo halikujengwa. Mwaka 2004 alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Amani." Sentensi ya kwanza inaweza kuandikwa kuhusu mtu yeyote. Za pili zinaweza kuandikwa kuhusu Maathai peke yake, na hakuna atakayezisoma akadhani hakuwa shujaa.

Penye mzozo, taja msemaji. Kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, usiandike tu kwamba watu 1,133 waliuawa. Andika kwamba Tume ya Waki, katika ripoti yake ya 2008, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Maneno machache zaidi, lakini anayebisha sasa anabishana na tume, habishani na wewe. Kwa siasa za Kenya, hiyo ndiyo namna ya kulala usingizi.

Halafu kuna wanaoandika kujihusu. Mwanamuziki, mchungaji, mwenye duka la nguo, na hasa vijana wa mitandao walioajiriwa na mgombea. Tunaelekea uchaguzi wa 2027, na yeyote anayelea wahariri Nairobi ajitayarishe. Kuandika kujihusu hakukatazwi kwa kufuli, kwa sababu hatujui wewe ni nani, tumerudi kwenye shina lilelile. Unachoombwa ni kusema. Anayelipwa lazima atangaze nani anamlipa. Hilo limo kwenye masharti ya matumizi ya Wakfu wa Wikimedia tangu 2014, si adabu tu. Njia safi ni kutoigusa makala yenyewe, bali kwenda kwenye kichupo cha "Majadiliano" na kuandika: mimi nafanya kazi kwa fulani, tarehe ya kuzaliwa imekosewa, chanzo hiki hapa. Utashangaa jinsi watu wanavyosaidia mtu aliyejitangaza, na jinsi wanavyomshughulikia aliyejificha akagunduliwa.

Wikipedia ya Kiswahili ina hatari moja ambayo ya Kiingereza haiijui sana: wahariri ni wachache, kwa hiyo kibaya kinaweza kukaa muda mrefu. Agosti 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo karibu na Kiingereza, yalikuwa yameandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto, kwa nia njema, akichukua Kiingereza na kubadilisha maneno kwa kamusi. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyemzuia, na waliokuwa wakiisoma Wikipedia hiyo waliamini Kiskoti ndivyo kilivyo.

Kwetu kamusi imekuwa mashine ya kutafsiri. Kila mlezi ameziona makala hizi: kila sentensi inaanza na "yeye", kila mtu "alikuwa amezaliwa kwa wazazi", kila jambo "lilikuwa limefanywa na". Sarufi haina kosa unaloweza kulipigia mstari, ila hakuna aliyezaliwa Kibera, Lamu au Tanga anayezungumza hivyo. Dawa ninayoipendekeza haina teknolojia: mhariri asome aya yake kwa sauti mbele ya mtu. Akikwama, msomaji atakwama. Tafsiri si dhambi, na kuna kifaa maalumu ndani ya Wikipedia cha kuifanya, lakini sharti useme kwenye muhtasari wa mabadiliko, ule mstari unaoujaza kabla ya kuchapisha, kwamba umetafsiri kutoka makala gani, kwa sababu leseni huria ya Wikipedia inataka waandishi wa awali watajwe. Programu za akili unde zimeongeza tatizo lingine juu ya hilo: zinabuni tanbihi. Kitabu kina jina zuri, mwandishi ana jina zuri, na hakipo duniani. Mhariri anayeweka chanzo ambacho hakukifungua anaweka sahihi yake chini ya uongo wa mashine.

Sasa tuingie ukumbini, maana mambo mengine hayasomwi, yanakuumbua mbele ya watu.

Umealika vijana ishirini, ukumbi mzuri Westlands, waifai ya bure, chai na mandazi. Unawaambia wote wafungue akaunti. Wa kwanza hadi wa sita wanafaulu. Wa saba anaambiwa haiwezekani. Kosa halikuwa lake wala la mtandao: Wikipedia inaruhusu akaunti 6 tu kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti, ili kuwazuia waharibifu wanaofungua majina kwa mamia, na ukumbi mzima unaonekana kama anwani moja. Waambie wajisajili nyumbani siku mbili tatu kabla, au wazime waifai watumie bando zao, au uombe mapema anwani ya ukumbi iondolewe kikomo kwa siku hiyo. Asiyejua hili hupoteza saa nzima ya kwanza, na saa ya kwanza ndiyo watu wanayoamua kama watarudi.

Ndugu yake jambo hili ni kuzuiwa bila kosa. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani chache, kwa hiyo kijana wa Kayole anaweza kukuta amezuiwa kwa utundu wa mtu wa Kisumu ambaye hawajawahi kuonana. Mara nyingi zuio kama hilo linawahusu wasiojisajili tu. Akiingia kwenye akaunti yake, linapita. Likiendelea, aombe msamaha wa zuio kwa kueleza hali yake, bila hasira. Wanaoshughulikia maombi hayo wanaijua hali ya mitandao ya simu ya Afrika.

Kazi ya siku ya kwanza isiwe makala mpya. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu kila anayekuja anataka makala mpya, na waandalizi wanaipenda kwa kuwa inahesabika kwenye ripoti. Mpe makala iliyopo, iliyo mbegu, yaani fupi inayosubiri kukuzwa, ya mahali anapopajua. Tuseme Kaloleni. Akute imeandikwa kwamba ni mtaa maarufu wenye watu wakarimu. Aondoe ukarimu. Aweke kwamba ni mtaa wa Eastlands karibu na Jogoo Road, uliojengwa miaka ya 1940, na atafute kitabu au tasnifu ya kuliunga mkono hilo la 1940. Aandike muhtasari: "Nimeongeza mwaka na chanzo, nimeondoa sifa." Abonyeze kuchapisha. Kisha, na hapa ndipo penye somo lenyewe, umfungulie kichupo cha "Historia" umwonyeshe jina lake pale, na saa, na tofauti kati ya jana na leo, nyekundu na kijani. Aone kwamba hakuna kilichopotea, kwamba kosa lolote linaweza kutenguliwa kwa kubonyeza mara moja, lake au la mwingine. Hofu nyingi huisha hapo. Na uharibifu mwingi pia, kwa sababu mtu akijua jina lake limeandikwa hutulia.

Akitenguliwa, asitengue tena. Aende "Majadiliano" aulize sababu. Kuvutana, mimi narudisha wewe unaondoa, kwenye Wikipedia ya Kiingereza kunaweza kukufungia mlango ukizidisha mara tatu ndani ya saa 24, hata kama wewe ndiye mwenye ukweli. Wengi wa wahariri utakaokutana nao kwenye Kiswahili wako Tanzania. Ukianza kwa salamu utajibiwa kwa salamu, ukianza kwa "nani amekupa ruhusa" utajibiwa kwa kanuni.

Upande wa pili nao una wajibu, na mara nyingi ndio unaoutupa. Ile arifa kavu ya kufutwa ingeweza kuandikwa hivi: "Ndugu, habari yako. Nimesoma makala yako kuhusu kwaya, na habari za ilivyoanza zinanoga. Sijapata gazeti wala kitabu kinachoizungumzia. Je, unacho chochote? Nimeihamishia kwenye ukurasa wako wa mazoezi ili isipotee tukiendelea kutafuta." Kanuni ni ileile, na kwaya bado haina makala. Aliyeandikiwa hivyo hurudi. Kanuni ya kudhania nia njema ipo, na ile ya kutowang'ata wageni ipo, zimeandikwa, ila mkabidhi aliyeshinda usiku akifuta matangazo ya dawa za nguvu za kiume huzisahau kufikia saa nane. Mlezi mzuri humweleza mhariri mpya hata uchovu huo.

Picha nitazipitia haraka. Picha uliyoikuta mtandaoni si yako, hata kama ni ya mjomba wako, kwa kuwa hakimiliki ni ya aliyepiga. Uliyopiga mwenyewe, tuseme maporomoko ya maji ndani ya msitu wa Karura, ipandishe Wikimedia Commons, ghala la picha la Wikipedia zote, kwa leseni huria, nayo itatumika katika lugha zote. Nairobi ina wapiga picha hodari wasioandika hata sentensi moja, nao ni wachangiaji kamili.

Mwishoni mwa 2009 Google ilianzisha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili, kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, kwa zawadi. Makala ziliongezeka kweli. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa walioshindana hawakuonekana tena. Agosti 2025 Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa wachangiaji wa dunia nzima, ilifanyika hapa Nairobi, na swali la nani anabaki baada ya mabango kushushwa lilikuwa bado ni lilelile. Idadi ya makala zilizoandikwa siku ya mafunzo haikuambii chochote. Uliza wangapi wamehariri mwezi uliofuata, hata mara moja, bila kuitwa.

Kwa hiyo kabla kikao hakijaisha, mwache kila mmoja aweke makala chache za mtaa wake kwenye orodha ya maangalizi yake, ili apate taarifa mtu akizigusa. Mwandikie kwenye ukurasa wake wa majadiliano kabla wiki haijaisha. Asipojibu, mpigie simu, maana huenda hajaona ujumbe: arifa kwenye simu huonekana baada ya kuingia kwenye akaunti, na nenosiri alilisahau siku ileile. Hakikisha basi ameweka barua pepe wakati wa kujisajili. Sehemu hiyo ya fomu si ya lazima na wengi huiruka, na bila barua pepe hakuna mahali pa kutumiwa nenosiri jipya, kwa hiyo itabidi aanze upya na jina lingine, na jina lake la kwanza libaki kwenye historia ya Kaloleni na badiliko lake moja.